Wanawali wa Athens: mateka waliobebeshwa paa, au watumishi wa heshima?

Kwa miaka zaidi ya mia tano, wanafunzi wa ujenzi barani Ulaya wamefundishwa hadithi moja kuhusu nguzo zilizochongwa kwa umbo la mwanamke, zile ziitwazo kariatidi. Hadithi inasema kwamba wanawake hao ni mateka. Mji wao ulijiunga na adui, waume zao wakauawa, wao wakatiwa utumwani, kisha mafundi wakawachonga kwenye mawe ili waendelee kubeba mzigo wa aibu milele. Ni hadithi inayoshika akilini, nayo inajibu maswali mawili kwa mkupuo: kwa nini nguzo iwe mwanamke, na kwa nini mwanamke huyo abebe.

Ubaya wake ni kwamba haikubaliani na mawe yenyewe. Ukizitazama nguzo mashuhuri kuliko zote za aina hii, wale wanawali sita wa hekalu la Erechtheion kule Athens, huoni aibu wala mateso. Unaona wasichana waliosimama wima, nyuso zimetulia, goti moja limekunjwa kidogo chini ya vazi, kana kwamba paa la mawe lililo juu yao si kitu. Ama wachongaji walishindwa kabisa kuonyesha adhabu, ama hawakuwa na nia ya kuionyesha. Mimi nashikilia la pili, na sababu zake ni nyingi.

Tuanze na jengo lenyewe. Erechtheion liko upande wa kaskazini wa kilima cha Akropoli, jirani na Parthenon, lile hekalu kubwa la Athena. Ujenzi wake ulifanyika katika robo ya mwisho ya karne ya 5 KK, Athens ikiwa vitani na Sparta, ukasimama kwa muda kisha ukakamilika mnamo 406 KK. Si jengo la mstari mmoja kama Parthenon. Lina ngazi tofauti za ardhi, vyumba vya miungu zaidi ya mmoja, na vibaraza visivyofanana, kwa sababu lilipaswa kuhifadhi sehemu takatifu za kale ambazo hazikuweza kuhamishwa. Moja ya sehemu hizo ilikuwa kaburi la Kekrops, yule mfalme wa kwanza wa Athens katika masimulizi yao, nusu mtu nusu nyoka. Kibaraza cha kusini kilijengwa juu ya kona ya mahali hapo patakatifu, na ndicho chenye wanawali sita: wanne mbele, wawili nyuma yao pembeni. Kila mmoja amechongwa kwa marumaru ya mlima Penteli, ana urefu wa takriban mita 2.3, na wote wanasimama juu ya ukuta unaopita kimo cha mtu.

Bahati nzuri, Waathene waliandika hesabu zao. Mwaka 409 KK tume ya ujenzi ilikagua kazi iliyobaki na kuamuru orodha yake ichongwe kwenye jiwe. Orodha inataja mawe ya paa ambayo hayajamalizika, inataja kibaraza kilicho karibu na mahali pa Kekrops, na inawataja wanaolibeba paa. Inawaita wanawali tu. Hakuna neno la mateka, wala mji wa Karyai, ule ambao hadithi ya mateka inasema ndiko walikotoka, hautajwi. Watu waliolipa gharama na kusimamia kazi hawakuwa na jina jingine la kuwaita ila lile walilowaita mabinti zao.

Basi hadithi ya mateka ilitoka wapi? Ilitoka kwa mtu mmoja: Vitruvius, mhandisi na msanifu wa Kirumi aliyeandika kitabu chake cha ujenzi wakati wa Kaisari Augusto, karibu karne nne baada ya Erechtheion. Mwanzoni mwa kitabu anasema kwamba msanifu lazima ajue historia ili aweze kueleza mapambo anayoyaweka, kisha anatoa mfano. Karyai, mji wa Peloponesi, rasi ya kusini mwa Ugiriki, ulijiunga na Waajemi dhidi ya Ugiriki. Wagiriki waliposhinda, waliuteka, wakaua wanaume, wakawachukua wake zao na kuwakataza kuvua mavazi yao ya heshima ili aibu iwe kubwa zaidi. Ndipo wasanifu wa wakati huo wakawachonga kwenye majengo ya umma wakiwa wamebeba mizigo.

Vita na Waajemi anavyovizungumzia ni vya 480 na 479 KK. Sasa nenda Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki. Watu wa kisiwa cha Siphnos, waliotajirika kwa migodi ya dhahabu na fedha, walijenga huko jengo dogo la marumaru la kuhifadhia sadaka zao mnamo 525 KK, na mlango wake ulibebwa na sanamu mbili za wasichana wenye taji refu kichwani. Hapo ni zaidi ya miaka arobaini kabla ya vita hivyo. Hata kabla ya hapo, katika karne ya 7 KK, Wagiriki walichonga mabeseni ya maji ya kutawadha mahekaluni yakiwa yamebebwa na wanawake wadogo wa mawe. Adhabu iliyotolewa baada ya 479 haiwezi kueleza kitu kilichokuwapo tangu mababu.

Liko na jambo la pili. Herodoto, aliyeandika historia ya vita hivyo akiwa karibu navyo mno, anawataja Wagiriki waliosimama upande wa Waajemi, na Karyai haimo. Ila mji huo kweli ulipatwa na maafa, tena ya kutisha. Mwanahistoria Xenophon anasimulia kwamba mnamo 368 KK, baada ya Karyai kuiasi Sparta na kujiunga na Wathebe, adui zake, jeshi la Sparta chini ya Archidamos liliuteka kwa nguvu na kuwachinja waliokamatwa hai. Wataalamu kadhaa wanaona kwamba masimulizi yaliyomfikia Vitruvius yalichanganya mambo: usaliti wa wakati mmoja ukapachikwa vita vya wakati mwingine, na adui Mthebe akageuka Mwajemi. Lakini 368 ni zaidi ya miaka 40 baada ya wanawali wa Erechtheion kusimamishwa mahali pao. Kwa hesabu yoyote ile, tarehe haziingiliani.

Nimtendee haki Vitruvius. Kipo kitu kimoja kinachoweza kumtetea, nacho ni mahali. Kibaraza cha wanawali kinatazamana na msingi wa hekalu la zamani la Athena, lililochomwa na Waajemi mwaka 480, tena ukuta wake umekalia sehemu ya msingi huo. Mwathene aliyepita hapo aliona wanawali wakisimama juu ya majivu ya vita, na haikuwa vigumu kwa vizazi vya baadaye kuunganisha mambo hayo mawili. Hata hivyo ukaribu wa mahali si ushahidi wa maana. Waathene waliacha kumbukumbu ya moto huo sehemu nyingi za kilima chao bila kuwahitaji wanawake wa Karyai.

Na Karyai yenyewe ilijulikana kwa jambo jingine kabisa. Palikuwa na madhabahu ya Artemi, na Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anaeleza kwamba kila mwaka wasichana wa Sparta walikwenda huko kucheza ngoma ya asili ya mahali hapo mbele ya sanamu ya mungu huyo. Wachezaji wa Karyai wanaonekana katika sanaa ya Kigiriki wakiwa na vazi la kichwani lenye umbo kama la kikapu. Ni rahisi kuona jinsi jina la wachezaji hao lilivyoweza kuhamia kwa kila sanamu ya msichana mwenye kitu kichwani. Kwa njia hiyo jina linabaki la Karyai bila utumwa kuhusika.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua wanawali wa Athens walishika nini, maana mikono yao yote ilikuwa imevunjika. Jibu lilitoka Italia. Mwaka 1952, katika kusafisha bwawa refu la kasri la Kaisari Hadriani kule Tivoli, nje ya Roma, wachimbuaji waliopoa nakala nne za wanawali hao, zilizochongwa katika karne ya 2 BK. Mkono mmoja unainua kidogo upindo wa vazi. Mwingine umeshika bakuli pana, la kina kifupi, la aina ile iliyotumika kumiminia miungu na wafu kinywaji cha tambiko.

Bakuli hilo ndilo linalonishawishi kuliko hoja nyingine zote. Mtumwa aliyeadhibiwa hapewi chombo kitakatifu mkononi. Na chini ya miguu yao palikuwa na kaburi la Kekrops. Tafsiri inayokubaliwa na wengi leo ni kwamba wanawali hao ni watumishi wa ibada, wanaomtolea mfalme wa kale tambiko lisilokoma. Wasichana wa namna hiyo walikuwapo kweli mjini. Katika maandamano ya sikukuu ya Athena, mabinti wa familia zenye heshima walibeba vikapu vya vifaa vya sadaka vichwani, na kuchaguliwa kuwa mmoja wao kulikuwa fahari ya ukoo. Ukanda wa michongo wa Parthenon, mwendo mfupi tu kutoka hapo, unawaonyesha wasichana wakiandamana na mabakuli ya aina hiyohiyo.

Tazama pia namna wanavyobeba. Wagiriki walijua vizuri kuchonga mtu aliyelemewa. Kule Akragas, Sisilia, hekalu kubwa la Zeu lililoanzwa karibu na mwaka 480 KK lilikuwa na majitu ya kiume yenye urefu wa zaidi ya mita 7, mikono imekunjwa nyuma ya kichwa, misuli imetutumka chini ya boriti ya mawe. Hapo mzigo ni mzigo, na inasemekana huenda yaliwakilisha Wakarthage walioshindwa mwaka huo kwenye vita vya Himera. Wanawali wa Athens hawakushika kitu juu. Mikono iko chini. Juu ya kichwa cha kila mmoja pana mto wa duara uliochongwa, na juu yake bamba la jiwe, kisha boriti. Yeyote aliyewahi kumwona mwanamke akitoka kisimani na ndoo juu ya ngata, shingo imenyooka na mikono imeachiliwa, ataelewa mara moja mchongaji alikuwa anaangalia nini: uzito uliowekwa sawasawa juu ya uti wa mgongo haumwangushi mtu, humnyoosha.

Utulivu huo ulihitaji hesabu kali ya kihandisi. Marumaru hustahimili sana kugandamizwa lakini hukatika upesi ikipindwa, na mwili wa binadamu una mahali pabaya pa kupitishia uzito, yaani shingo. Nguzo ya kawaida ni nene kutoka chini hadi juu. Nguzo yenye shingo ya msichana ingekatika hapohapo. Mafundi walitatua jambo hili kwa nywele. Kila mwanamwali ana misuko mizito inayoshuka nyuma kama kamba nene, na mashungi mengine yanayoletwa mbele mabegani, kiasi kwamba ukimtazama kwa ubavu unaona nguzo nzima ya jiwe nyuma ya shingo nyembamba. Ukimtazama kwa mbele, huioni.

Na misuko hiyo si ya kubuni tu. Mwaka 2009 Katherine Schwab, profesa wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Fairfield huko Marekani, alishirikiana na msusi kuwasuka wanafunzi sita mitindo ya wanawali sita, kila mmoja na wake, maana hakuna wawili wanaofanana. Ilisukika yote, kwa nywele halisi ndefu na nzito. Mchongaji alikuwa amechonga alichokiona vichwani mwa mabinti wa mji wake, kisha akakifanya kiwe mhimili wa jengo.

Miguu nayo imepangwa. Watatu wa upande wa kushoto wamesimama kwa uzito wa mguu wa kulia, watatu wa kulia kwa mguu wa kushoto, hivyo mguu unaobeba daima uko upande wa nje wa kibaraza. Juu ya mguu huo mikunjo ya vazi inashuka wima, mirefu na yenye kina, sawa na mifereji inayochongwa kwenye nguzo za kawaida, na jicho linapata nguzo pale linapoihitaji. Upande wa ndani goti linatokeza na vazi linalegea, na hapo jicho linampata mtu. Isitoshe, msanifu aliwapunguzia kazi. Kwa kawaida juu ya nguzo za mtindo wa jengo hili huja boriti, halafu ukanda wa michongo, halafu ukingo wa paa. Kwenye kibaraza hiki ukanda wa kati umeachwa kabisa. Sijui kama kuna mahali pengine katika jengo lile ambapo uamuzi mmoja umesaidia uzuri na uimara kwa pamoja kiasi hiki.

Walisimama hivyo zaidi ya miaka 2,200 kabla ya mmoja wao kuondolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza katika Dola ya Osmani iliyoitawala Athens, walimtoa mwanamwali wa pili kutoka kushoto na kuziba pengo kwa matofali. Mwaka 1816 Bunge la Uingereza liliununua mkusanyiko mzima wa Elgin kwa pauni 35,000, na msichana huyo yuko British Museum hadi leo. Watu wa Athens wakasimulia kwamba usiku dada zake waliobaki walisikika wakimlilia. Wale watano walikutwa na mengine. Karibu na mwaka 1900, katika ukarabati ulioongozwa na Nikolaos Balanos, mawe ya Akropoli yalifungwa kwa vyuma ambavyo baadaye vilishika kutu, vikatanuka na kuyapasua. Kisha moshi wa magari na viwanda ukaanza kula nyuso zao. Mwaka 1979 waliondolewa kibarazani, na wanaoonekana pale juu sasa ni nakala. Wenyewe wako ndani ya Jumba la Makumbusho la Akropoli, mmoja akiwa vipande tu, na kati ya 2011 na 2014 walisafishwa kwa leza palepale ukumbini huku wageni wakitazama.

Maoni yangu sitayaficha. Sanamu hizi zilitengenezwa kama kundi, kila moja ikiijibu mwenzake kwa mguu na kwa mkunjo, na kumtenga mmoja ni kuvunja kazi ya sanaa, si kumiliki sehemu yake. Msichana wa London anapaswa kurudi kwa wenzake.

Tena hakuwa peke yake aliyechukuliwa. Mwaka 1801 Edward Daniel Clarke wa Cambridge alikwenda Eleusis, mji wa ibada za siri za Demeter, mungu wa kike wa nafaka, akamkuta kariatidi wa lango la karne ya 1 KK amefukiwa nusu na samadi. Wanakijiji walikuwa wakiirundika samadi hiyo makusudi, kwa imani kwamba mavuno yao yanamtegemea. Walipinga asichukuliwe, wakatabiri kwamba meli itakayombeba itazama. Ilizama kweli, karibu na pwani ya kusini ya Uingereza, ingawa sanamu iliokolewa na sasa iko Fitzwilliam Museum. Alichobeba kichwani ni kile chombo chenye vitu vitakatifu vya ibada. Ushahidi mwingine huo kwamba mzigo wa wanawake hawa ni amana.

Basi ilikuwaje Ulaya ikaendelea kuwaona ni watumwa? Jibu ni kwamba walisoma kabla ya kuona. Ugiriki ilikuwa mbali na ngumu kufikika, lakini kitabu cha Vitruvius kilikuwa mezani. Mchongaji Jean Goujon alichora picha za tafsiri ya Kifaransa ya kitabu hicho iliyochapwa mwaka 1547. Miaka mitatu baadaye akachonga wanawake wanne wa kubeba jukwaa la wanamuziki katika kasri la Louvre. Ni wazuri mno, na hawana mikono: imekatwa begani kama ya sanamu zilizofukuliwa. Erechtheion yenyewe Goujon hakuwahi kuiona.

Hata waliokwenda kuiona hawakufaulu daima. Henry Inwood alisafiri hadi Athens mwaka 1819 kupima, na pamoja na baba yake akajenga kanisa la St Pancras huko London, lililokamilika 1822, lenye vibaraza viwili vya wanawali juu ya makaburi ya chini. Wanawali hao ni wa udongo wa kuchomwa uliozungushiwa nguzo za chuma. Inaelezwa kwamba walipofika walikuwa warefu kuliko nafasi, ikabidi kipande cha kiunoni kiondolewe, na kweli miili yao inaonekana mifupi mno. Hapo mzigo wote uko kwenye chuma. Mwanamke amebaki ganda, na tangu hapo majengo mengi ya karne ya 19, ya Paris na Vienna hasa, yamemtumia vivyo hivyo, mlangoni na chini ya roshani, bila bakuli, bila kaburi, bila sababu.

Jina lenyewe lilisafiri hadi Kongo. Wataalamu wa Ulaya walipoviona viti vya kifalme vya Waluba wa kusini-mashariki mwa nchi hiyo, ambavyo bamba la kukalia limebebwa na mwanamke aliyechongwa, waliviita viti vya kariatidi. Maarufu zaidi ni vile vya mchongaji anayejulikana kwa kijiji cha Buli, vyenye nyuso ndefu na vidole virefu vinavyoinua kiti kwa ncha tu. Wengi waliovitazama nyuma ya vioo vya makumbusho waliona mwanamke aliyekaliwa. Kwa Waluba maana ni kinyume chake: mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kuihifadhi roho ya mfalme. Mfalme alipofariki, roho yake iliaminika kukaa kwa mwanamke aliyeitwa mwadi, aliyerithi alama za utawala wake na kuheshimiwa kama yeye. Kiti hicho hakikuwa cha kukalia kila siku. Kilifungwa kwa kitambaa cheupe na kutunzwa na mlinzi maalumu katika kijiji kingine, na kilitolewa kwa siku chache sana, kwa kuwa kilichothaminiwa hakikuwa bamba la juu bali yule aliyelibeba.